Mtoto wa Jimbo

Alhamisi, 14 Juni 2018

Habari kubwa! Imebandikwa leo asubuhi kwenye ubao wa ofisi ya mji. Karatasi ya njano, herufi mbaya za mashine. Jimbo letu la Kalinawan linatimiza miaka hamsini Ijumaa ijayo. Kamati ya Jubilei inamtafuta mtu aliyezaliwa hapa Tagbuhay siku ileile Jimbo lilipozaliwa, tarehe 22 Juni 1968. Ataitwa Mtoto wa Jimbo. Atavikwa utepe kifuani. Atakaa juu ya mkokoteni wa mapambo, bega kwa bega na Gavana, mbele ya maandamano yote. Atahutubia!

Mimi nilizaliwa Juni 1968. Nimeisoma mara tatu. Naona kama ni barua yangu binafsi.

Ni kweli nilizaliwa tarehe 24. Lakini siku mbili ni nini ndani ya miaka hamsini? Chumvi kidogo kwenye sufuria kubwa.

Na nani anastahili kuliko mimi? Mabango ya mji huu niliyachora mimi, Bautista Cabanlit, Tisto kwa wote, mpaka zilipokuja hizi turubai za kuchapwa. Siku hizi watu wananipita kama nguzo ya umeme. Ijumaa ijayo watanipungia mikono.

Kitamu zaidi: mkokoteni utavutwa na Senador, yule nyati mweupe wa Moheno Tumulak. Moheno ni jirani yangu na adui yangu tangu darasa la tatu. Desturi yetu, mwenye nyati hutangulia kwa miguu, kashika kamba. Yaani mimi juu, Moheno chini, peku, kwenye vumbi! Chakula cha mchana kimenishinda kwa furaha.

Mke wangu Pining kaniuliza nina nini. Nikamwambia ni mambo ya Jimbo. Kasema, "Kila Juni ni mambo ya Jimbo," kisha karudi kwenye kazi yake. Ana oda ya mikate ya mchele mia tatu ya sherehe. Makaa chini ya sufuria, makaa juu ya kifuniko, na yeye pale pale anapuliza. Mwanamke asiye na mawazo makubwa. Mungu ambariki.

Ijumaa, 15 Juni

Nimeanza na Mama. Ana miaka sabini na minane, na mji mzima unajua hasemi uongo. Shahidi wa dhahabu. Nilimwomba kitu kidogo tu: akiulizwa, aseme alinizaa Jumamosi, si Jumatatu.

Kakataa papo hapo.

"Nilikuzaa sikukuu ya San Juan," kasema. "Watu walikuwa wanamwagiana maji barabarani kama kawaida. Mkunga kafika kalowa chapachapa. Ulipotoka tu, maji ya nywele zake yakakudondokea usoni. Ukapiga kelele, na mpaka leo hujanyamaza."

Nikamwambia kwa heshima kwamba kumbukumbu za wazee huchanganyika. Mama kanitajia watu wote sita waliommwagia mkunga maji, kwa majina, pamoja na rangi za ndoo.

Nimekwenda ofisini bila shahidi. Katibu wa kamati ni Dada Kiteria, mwenye miwani ya mnyororo. Kaandika jina langu, kisha kalamu ikasimama. Kasema wazee wetu walitoa majina kwa kufuata kalenda ya watakatifu. Bautista ni Yohane Mbatizaji, yaani San Juan, tarehe 24. Mtu wa tarehe 22 angeitwa Paulino, kaka Tisto, au sivyo?

Nikamwambia marehemu baba alikuwa mtu wa kuona mbali.

Kasema niende nikalete ushahidi wa kitabu cha ubatizo. Makaratasi ya zamani ya ofisi ya mji yaliondoka na mafuriko, kwa hiyo kanisa ndilo limebaki na ukweli. Nikajisemea, tutaona.

Jumamosi, 16 Juni

Mpango ulikuwa mwepesi. Nimekwenda kwa mzee Isko, mtunza vitabu wa parokia, na kikombe cha kahawa mkononi, kama mtu anayepita tu. Nitafungua ukurasa wangu. Tone moja litaanguka juu ya ile 4. Nani atajua kama ni 2 au 4? Tone moja!

Mzee Isko kapiga chafya. Nikaruka.

Kahawa yote imekwenda. Imefunika ukurasa kuanzia juu, ikateremka kama mto, ikasimama unywele mmoja kabla ya mstari wangu. Mstari wangu umebaki msafi, unang'aa: *24 Juni, Bautista, mwana wa Cabanlit.* Juu yake imesalia tarehe na jina tu kabla ya ziwa la kahawa: *22 Juni, Paulina.* Jina la ukoo limezama.

Mzee Isko kanipa kipepeo cha ukili, nikapepea ukurasa kwa saa mbili huku yeye kanisimamia, anasali kwa sauti ili nisikie.

Lakini kupepea kunafungua akili. Paulina! Kuna mwanamke mahali fulani hapa Tagbuhay, aliyezaliwa siku ileile, na huenda hajasoma tangazo. Lazima nimpate kabla ya Dada Kiteria. Nitazungumza naye kistaarabu. Nitamweleza kwamba juani ni pabaya kwa mwanamke wa umri wake.

Jumapili, 17 Juni

Baada ya misa nimesimama mlangoni mwa kanisa nikiuliza kila mtu kama anamjua Paulina wa miaka hamsini. Nimepata watatu. Wa kwanza ana miaka tisa, kanitolea ulimi. Wa pili kafariki, Mungu amrehemu, ila nilipata faraja kidogo, Mungu anisamehe. Wa tatu ni mashua. Jina lake nililichora mwenyewe.

Alasiri nimeanza bango. Ubao mzima wa mita tatu! *MTOTO WA JIMBO*, na uso wangu katikati, masharubu na yote. Chini kwenye kona, jina la mchoraji. Pining kapita na kapu la makaa, kalitazama, kaenda zake.

Wakati wa chakula nikamuuliza kama yeye, anayeuza sokoni miaka yote hii, anamfahamu Paulina yeyote.

Kaweka kijiko chini. Kasema anamfahamu mmoja.

Mtu wa namna gani? nikauliza.

"Mjinga tu," kasema. "Mvumilivu mno."

Anakaa wapi?

Kasema si mbali. Halafu kainuka na sahani yake, wali haujafika nusu. Nadhani ni joto.

Jumatatu, 18 Juni

Naandika nikiwa nimefunga mlango.

Nilikwenda sokoni asubuhi kuendelea na upelelezi. Moheno alikuwa ameegemea meza ya muuza samaki, anatafuna karanga. Kaniuliza kwa sauti ya soko zima kama ni kweli namtafuta Paulina. Nikamwambia ni mambo ya kiofisi. Kaanza kucheka. Kacheka mpaka karanga zikamwagika.

"Kaka Tisto, umeshatazama jikoni kwako?"

Sikumwelewa. Basi kageuka, kaweka mikono mdomoni, kaita: "Paulina Dagondon! Mumeo anakutafuta!"

Na kule mwisho wa safu, nyuma ya moshi, mke wangu kajibu bila kuinua kichwa: "Naam!"

Soko zima! Hata samaki, nahisi, walicheka.

Sasa, mtu atasema, Tisto, umeishi na mwanamke miaka ishirini na saba, hujui jina lake? Nalijua! Nililisikia siku ya harusi. Lakini tangu hapo ni Pining, Pining, na jina la ukoo ni langu, na akili ya mtu haiwezi kubeba kila kitu.

Nikamfuata kwenye makaa. Nikamuuliza mbona hakuwahi kuniambia kwamba alizaliwa siku ya Jimbo.

"Nilikwambia. Mwaka wa kwanza. Ukasema 'vizuri,' ukaenda kushindana kupanda mlingoti uliopakwa mafuta."

Nakumbuka mlingoti. Nilifika juu kuliko Moheno.

Nimekaa kwenye gunia la mkaa nikijaribu kukumbuka siku moja, moja tu, ambayo nilimwambia heri ya kuzaliwa. Mwaka mmoja nilikuwa nauza bendera za Jimbo, rangi zimepinduka. Mwaka mwingine nilikuwa nimekwama ndani ya kinyago cha mamba. Nimehisi kitu kifuani. Kinauma kidogo kushoto. Huenda ni zile dagaa za jana.

Halafu, asante Mungu, wazo likaja. Kama mke wangu ndiye Mtoto wa Jimbo, mimi ni nani? Mimi ni Mkwe wa Jimbo! Viti viwili!

Jumanne, 19 Juni

Pining hataki. Kasema akae juu ya mkokoteni, mikate ataoka nani? Nikasema mimi. Kanitazama muda mrefu kama mtu anayetazama daraja la mianzi. Kisha kasema sawa. Nilishangaa alivyokubali upesi. Na kasema atahitaji kuazima viatu.

Dada Kiteria kataka shahidi, maana ukurasa wa kitabu "umepatwa na ajali." Nikamwita Mama. Mama huyo, aliyekataa kuongopa siku mbili tu kwa ajili ya mwanawe wa pekee, kavaa gauni la kanisani na kufika ofisini kabla yangu. Kaapa kwamba mkunga alikuwa mmoja, alitoka kwa akina Dagondon Jumamosi, akaja kwetu Jumatatu. Kasema pia Pining ni mwanamke mwema na kapata tabu nyingi. Kamati nzima ikaguna kwa huruma. Sikuona umuhimu wa maneno hayo ya mwisho.

Kuhusu kiti cha pili: hakuna. Dada Kiteria kasema Gavana ana kiti, Mtoto wa Jimbo ana kiti, basi. Nikamweleza kuhusu Mkwe wa Jimbo. Kavua miwani, kaipangusa, kaivaa tena, kaniuliza kama nina lingine.

Nimerekebisha bango. Nimefuta masharubu, nimeongeza hereni na nywele. Moheno kapita, kasema linafanana na mimi nikienda harusini kwa kujificha.

Alhamisi, 21 Juni

Jana sikuandika. Nilikuwa naoka.

Nilipuliza makaa ya juu kwa nguvu za kiume. Makaa yakanipuliza mimi. Sina nyusi. Mikate arobaini ya kwanza ilikuwa myeusi chini na uji katikati. Ya pili kinyume chake. Mchana Pining kaja, kanisogeza kwa kiuno, kafunga kitambaa kichwani. Leo mchana mikate yote mia tatu ilikuwa tayari, kwenye majani ya mgomba, inanukia hadi barabarani. Sijui anafanyaje. Mikono yake ina alama za moto mpaka kwenye kiwiko. Sijui nilikuwa natazama wapi siku zote.

Lakini kiti! Kama siwezi kukaa juu, basi niwe mbele. Imenibidi nimwombe Moheno kamba ya nyati wake.

Kasema niombe vizuri. Nikaomba. Kasema hajasikia. Mbele ya kinyozi na wateja wanne nimesema "tafadhali, kaka Moheno" mara tatu. Mara ya tatu mmoja wa wateja kanisaidia kwa kuitikia amina.

Kanipa kamba na onyo moja. Senador hawezi jua. Akitembea ni sawa, upepo unampoza. Asisimame. Akisimama juani atatafuta matope, na akiamua hakuna wa kumzuia.

Nikamwambia nyati si mtoto mchanga.

Ijumaa, 22 Juni. SIKU YA JIMBO!

Niandike kwa utaratibu.

Saa mbili asubuhi. Fataki, ngoma, bendera, jua kali kama pasi. Pining katoka nyumbani na gauni la bluu alilolitunza tangu ubatizo wa mwana wa dada yake, na utepe kifuani, na taji la maua kichwani, na viatu vyeupe vya kuazima. Nikasahau nilichotaka kumwambia. Yeye pia hakuuliza.

Gavana kafika na shati jeupe la nyuzi za mnanasi, kampa Pining mkono, wakapanda. Mimi mbele, kamba nimeizungusha kiganjani mara mbili, kwa usalama. Watu walipunga mikono. Walimpungia Pining, lakini mikono ilipita juu yangu, na mingine niliipokea.

Kona ya shule ndipo lilipo bango langu. Nilikuwa nimepanga tusimame dakika moja, Gavana asome jina la mchoraji. Nikasimama. Bendi nyuma ikasimama. Shule tatu, masista, wazima moto, wote wakasimama. Gavana alikuwa anapunga upande wa kushoto. Bango liko kulia.

Nikangoja. Nikakohoa. Nikasema, "Mheshimiwa, kulia!" Ngoma zilikuwa juu. Bendi ikapiga wimbo wa Jimbo mara nne. Kwa mbali nilimsikia Moheno akipiga kelele kitu kuhusu jua. Wivu, nikajua.

Senador kanitazama. Macho ya upole kabisa, kama ya karani anayeacha kazi. Kisha kageuka kushoto.

Nilivuta. Naomba iandikwe kwamba nilivuta. Lakini kamba ilikuwa kiganjani mwangu mara mbili, na nyuma ya shule kuna dimbwi. Nimekwenda kwa tumbo. Senador kaingia matopeni hadi shingoni, kafumba macho, kashusha pumzi. Mkokoteni ukamfuata taratibu, maua na bendera na viti viwili, ukainama, ukatulia. Matope yalimfika Gavana kiunoni.

Bendi ikaacha kupiga. Mji mzima ukingoni, wote wanamtazama Gavana. Nikaona maisha yangu yamekwisha.

Ndipo Pining akacheka.

Si kucheka kwa adabu. Kacheka mpaka taji la maua likamwangukia sikioni. Nilikuwa nimeusahau mcheko ule. Gavana kamtazama, kajitazama, naye kaanza. Kisha watu wote.

Kipaza sauti cha mkokoteni kilikuwa bado kinafanya kazi. Pining kakichukua. Nilikuwa nimemwandikia hotuba ya kurasa sita, ilikuwa inaelea. Kasema hivi, nimeyashika maneno yote:

"Mimi ni Paulina. Wengi mnanijua kwa mikate. Leo natimiza miaka hamsini. Kila mwaka siku hii mnapiga ngoma, mnarusha fataki, mnakula mikate yangu. Mimi nakaa nyuma ya makaa najiambia, haya, Pining, na wewe wanakusherehekea, ila hawajui tu. Leo mmejua. Asanteni. Sasa mtu aje anitoe, viatu hivi si vyangu."

Wakaimba. Si wimbo wa Jimbo. Walimwimbia yeye, wa kuzaliwa, watu elfu mbili na tarumbeta. Masista walikuwa wanalia. Moheno alikuwa analia, ingawa huenda ni kwa ajili ya nyati.

Nikaingia matopeni, nikampa mgongo. Kapanda. Si mwepesi. Sikusema. Katikati ya dimbwi kaniinamia sikioni, kauliza nyusi zangu ziko wapi. Nikamwambia nimezitoa kwa ajili yake. Kacheka tena, shingoni kwangu kabisa.

"Heri ya kuzaliwa, Paulina," nikasema.

Kanikaza mabega. Sikuwa na haraka ya kufika ukingoni.

Nilikumbuka hata hivyo kugeukia upande wa mpiga picha.

Jumamosi, 23 Juni

Mji hauzungumzi jingine. Wanasema haijawahi kuwa na Siku ya Jimbo kama hii. Watu wanapita nyumbani kumsalimia Pining, wanamwita Paulina, wanamletea ndizi na tembo la mnazi. Kawapa viti. Ana sauti ya mwenye nyumba. Nimempelekea chai bila kuambiwa, nusu imefika.

Moheno kadai nimwogeshe Senador siku tatu. Nikakubali. Kasema nimeharibu kila kitu. Nikamweleza kwamba mtu mwenye akili angeona yote yalipangwa: kusimama, jua, dimbwi. Bila dimbwi kuna mcheko? Bila mcheko kuna hotuba? Kasema, "Kaka, wewe ni ugonjwa."

Wivu.

Jumapili, 24 Juni. San Juan

Miaka hamsini leo. Mimi!

Asubuhi nimekuta mezani mkate wa mchele mmoja, mdogo, wenye jibini na yai la bata juu kama nipendavyo. Pining huniokea kila mwaka. Hajasahau hata mara moja. Nilikula taratibu. Kile kitu cha kushoto kifuani kimerudi, na safari hii sikula dagaa.

Nilipotoka mlangoni Mama na Pining walikuwa wananisubiri na ndoo. Wamenimwagia maji yote. Walicheka mpaka wakashikana. Nimepiga kelele, na Mama kasema, "Umesikia? Sauti ileile."

Basi nikiwa nimekaa juani najikausha, wazo limekuja, na ni kubwa kuliko yote. Tatizo halikuwa mimi. Tatizo ni tarehe! Sisi wa upande huu wa mto tuko mbali na makao makuu, barabara mbaya, hatukumbukwi. Kwa nini tusijitenge? Kwa nini tusiwe na Jimbo letu wenyewe? Bunge litapitisha sheria, majimbo mengi yalianza hivyohivyo. Na Jimbo jipya litahitaji siku ya kuzaliwa. Nimependekeza tarehe 24 Juni. Kwa sababu ya hali ya hewa.

Nimeshaandika ombi. Kurasa tisa. Nimeshaanza bango pia, ubao uleule, nimeondoa hereni na kurudisha masharubu: *BABA WA JIMBO*. Gwaride litapita kona ya shule, na safari hii bango litakuwa kushoto.

Kila kitu kimepangwa. Viti, bendi, nyati mwingine. Mikate mia tano.

Ataoka Pining. Bado sijamwambia.